Niliharibu posa ya rafiki yangu kwa tamathali, nikamrudisha kwa shairi la mrija

Wakuu, salamu kutoka Malaba, hapa mpakani kwenye foleni za malori. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Anayebisha aje nimwonyeshe mrija.

Nilisomea fasihi chuo kikuu, kwa hivyo hapa kwetu mtu akienda posa, msemaji huwa mimi. Juzi juzi ilikuwa zamu ya rafiki yangu Emojong. Alikuwa amempenda Nekesa mpaka akaacha kunyoa kiholela.

Nikasimama mbele ya wazee, nikakohoa kisomi.

"Tumeona trela zuri, limekaa foleni muda mrefu. Tumekuja na stakabadhi livuke."

Nilijiona nimepiga tamathali ya karne.

Nekesa, ambaye anakaribia miaka arobaini, akatoka jikoni na mwiko. "Nani trela? Nani amekaa foleni?"

Posa ikaishia hapo. Kuku tulimsikia harufu tu.

Emojong akaacha kuongea na mimi. Akaacha hata kuja kwa Mama Atyang, tunakokunywa malwa, pombe ya wimbi: chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake mrefu. Ukienda nyumbani mrija unabaki darini, na wa mwenzako huugusi. Ni mwiko.

Nikamtumia shairi WhatsApp. Mwezi, waridi, bahari ya machozi.

Akajibu: "Bahari gani, boss? Mimi niko Kocholia."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikaandika lingine:

*Mrija wako darini, buibui kautanda,*
*Povu lajaa chunguni, na mimi huku nakonda.*

(Sijakonda. Vina vilidai.)

Blue tick tu.

Jioni hiyo mrija wangu ukaziba. Nikaangalia huku na huku, nikachukua wa Emojong. Nilikuwa nimeung'ang'ania mdomoni alipoingia mlangoni.

"Kumbe buibui ndiye huyu!" akasema. "Na vile amekonda!"

Watu walicheka mpaka chungu kikayumba.

Akanipokonya, akafuta ncha kwa shati, akaketi pale pake, akavuta kwa muda mrefu.

"Nilimforwardia Nekesa lile shairi," akasema. "Amesema angalau halina trela. Nirudi tuongee."

"Twende lini?"

"Mzee, wewe utabeba soda. Kimya."

Kisha akanipa mrija wake, maana wangu ulikuwa bado umeziba.

Funzo: ukimlilia mtu kwa shairi, mtajie kile anachokikosa, si mwezi. Na ukishatuma, usikutwe umekishika wewe.

Wakuu, ni nani mwingine humu ameponzwa na tamathali? Semeni, nisiwe peke yangu.