Mtambo Niliouchagua Bila Mzee Bahati

Kosa ni langu, na nimeficha jina kwa sababu hadi leo naona haya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliacha kazi ya ghala kule Hayes, London, nikapanga kiduka mtaa wa Kilburn nichape kadi za harusi kwa mtambo wa mkono, ule wa herufi za madini ya risasi. Mtambo wenyewe nilikuwa nimeuona kwenye picha tu.

Aliyeujua ni Mzee Bahati, Mkongomani tuliyesali naye. Bukavu alichapa vitabu vya misheni miaka mingi. London alisafisha ofisi, na kanisani alikuja na koti lake la kazi, linanuka dawa ya choo.

"Usinunue kabla mi sijaugonga," aliniambia. "Ufa iko inajificha chini ya rangi. Ukigonga, chuma inasema."

Tukapatana Jumamosi, saa nne asubuhi, nje ya stesheni ya Kilburn.

Jumamosi nikaanza kulifikiria lile koti. Muuzaji Mwingereza angetuonaje? Jamani, stesheni niliikwepa, nikapanda basi. Nikamchukua rafiki yangu mwanasheria, mtu wa tai, asiyejua hata wino unapakwa wapi.

Tulikuta mitambo miwili. Mmoja mdogo, mweusi, umejaa vumbi. Mwingine mkubwa, una rangi mpya ya kijani, unang'aa.

"Huu ndio wa mtu mwenye biashara," rafiki yangu akasema.

Nikauchukua. Hatukugonga kitu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kadi za binti wa dada mmoja wa kwaya. Nilipofika kama kadi ya arobaini, nikasikia mlio mdogo. Nikasimama. Nikajidanganya kuwa ni baridi, nikavuta tena. Pande la chuma likakatika, likaanguka karibu kabisa na mguu wangu. Chini ya ile rangi kulikuwa na ufa wa zamani, umezibwa kwa gundi.

Bibi harusi aliwaalika watu kwa simu. Duka nikalifunga, nikarudi ghalani.

Nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Aliyesema ni mkewe.

"Ile siku aliomba ruhusa ku kazi. Alivaa suti yake ya ndoa, akatia nyundo ku mfuko. Alikungojea mpaka saa nane."

Wewe unayekwenda kununua mtambo, mpitie anayeujua. Ukimwonea haya, kumbuka kwamba huenda yeye ameshaoga na kuvaa vizuri kwa ajili yako.