Maksai Aliyelipwa kwa Kuogopa

Saa moja asubuhi, kando ya ua wa minyaa kijijini Bujora, Luhende amesimama na fimbo mkononi na chumvi mfukoni. Maksai wake, Waziri, anacheua kama hana habari. Ng'ambo ya shamba la mihogo, binti wa jirani ameinua honi ya mpira iliyong'olewa kwenye basi bovu.

"Haya, minya, mwanangu!"

Honi inalia. Masikio ya Waziri yanasimama, miguu ya mbele inatetemeka. Luhende anapiga mluzi. Maksai anavuta mkokoteni mtupu hatua chache, na hapo ndipo chumvi inapotoka mfukoni. Si kabla.

Hiyo "si kabla" ameijua kwa taabu.

Msimu uliopita Waziri alivuta nira pamoja na mwenzake, Karani. Walibeba pamba hadi ghala la ushirika, palepale kijijini. Kisha biashara ikaachiwa watu binafsi, ghala likatiwa kufuli, na wanunuzi wapya wakatundika mizani yao Kisesa, kandokando ya lami. Ng'ombe wasioijua lami wakaenda kugombania njia na malori. Lori moja likapiga honi mgongoni mwao, kisha likamgonga Karani. Akafia palepale, nira shingoni.

"Walifungua soko, njia ya ng'ombe hawakufungua," anasema Luhende, mkulima wa miaka hamsini na mitatu aliyeishia darasa la pili. "Wao wanasaini huko Dar es Salaam, anayekufa ni Karani wangu."

Tangu siku hiyo, honi ikilia hata mbali, Waziri aligoma. Luhende alimbembeleza kwa chumvi na pumba. Kadiri alivyobembeleza, ndivyo alivyozidi kugoma.

Chenge, mwenye bucha Kisesa, hakosi kupita siku ya mnada. "Luhende, huyo unamfuga au umemwoa? Kisu changu kinaota kutu!"

"Katia mchicha!"

Jeuri ya mdomo tu. Luhende anajua kwamba Waziri asipofika lami, pamba italala ndani, naye maksai ataishia kwenye ndoana za Chenge.

Odeta, binti wa jirani yake Malimi, alirudi likizo kutoka chuo cha ualimu, wanakofundishwa saikolojia. Alimtazama Luhende akimbembeleza maksai.

"Baba, unamlipa kwa kuogopa."

"Namlipa?"

"Akigoma, chumvi. Akivuta, fimbo. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

Luhende alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe! Ndiyo maana wakubwa wetu hawakomi. Wakiharibu huku, wanapewa cheo kule!"

Odeta akamweleza alivyosoma: ng'ombe hazaliwi na woga wa honi, anajifunza. Basi anaweza kujifunza jingine, polepole, sauti ianzie mbali, na tuzo ifuate kazi. Wakaanza na honi kupigwa kule kisimani, ikimfikia Waziri kwa mbali tu. Siku moja Luhende alikosa subira, akataka ipigwe sikioni. Waziri akavunja ua, nao wakarudi kuanzia kisimani.

Sasa limebaki jambo moja. Kwenye lami maksai haendi bila mtu wa kumwongoza kwa kamba, na kamba hiyo ilikuwa ya Sabina, mke wa Luhende. Enzi za ghala la kijijini yeye alitangulia, mumewe akafuata na fimbo. Sabina alifariki miaka miwili iliyopita.

"Hospitali waliniambia nikanunue dripu na glavu dukani. Zamani ilikuwa bure. Nikarudi navyo, nikamkuta ameshafunikwa shuka. Nikiishika ile kamba, kifua kinabana. Ng'ombe ana honi yake, mimi nina yangu."

Kamba bado inaning'inia mlangoni, pale Sabina alipoiacha.

"Anzia mbali, baba," Odeta anamwambia. "Iguse tu."

Luhende anasogea mlangoni. Anaigusa, anaiachia. Anaishika tena, safari hii kwa kiganja kizima, mpaka pumzi inamrudia.

"Mwezi ujao mizani ikifunguliwa Kisesa, nitatembea mbele," anasema. "Malori yapige honi yachoke. Chenge tutampita pale buchani, nimsalimie."

Kisha anaingiza mkono mfukoni, anatoa chumvi iliyobaki na kuilamba mwenyewe.