Kibuyu cha Jirani

Juzi nikipita kwa fundi wa kupaka magari rangi pale Kitengela, harufu ya thina ilinipata, na wee, nikashikwa na hamu ya chai. Sio kichefuchefu, chai! Nikasimama hapo kama mjinga. Hata sasa sijui nicheke ama niende hospitali.

Wacha nikueleze. Miaka ya tisini tulikuwa tunaishi kwa nyanya, hukohuko Kitengela, ng'ambo ya kijito, wakati huko bado kulikuwa na nyasi na pundamilia. Asubuhi kazi yetu watoto ilikuwa kupiga pampu ya kisima, ile ya mkono, ikilia kwii-kwii mpaka mbwa wanabweka. Halafu jirani yetu Mmaasai anaingia na maziwa kwenye kibuyu. "Takwenya!" nyanya, Mkamba wa kutoka Machakos, anamsalimia kwa Kimaasai chake cha kuvunjika, na yule mama anacheka, "Iko!" Kibuyu chake alikuwa anakisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, kwa hivyo maziwa yake yalikuwa na moshi kidogo. Wanakaa jikoni, chai inachemka, wanasengenya waume zao. Nyanya hakuwa na rafiki mwingine hapo.

Sasa, sijui ilianza lini, lakini chai ikaanza kunuka. Harufu tamu-tamu, kama rangi ya kucha. Sisi tuliipenda, tulikuwa tunainamia sufuria tuvute mvuke. Nyanya akasema ni kibuyu, ati yule mama siku hizi anakichoma na miti ya ovyo. Akamwambia usoni: "Maziwa yako yananuka." Yule mama aliweka kibuyu chini, akajifunga shuka yake vizuri, akaenda, na hakurudi.

Tukaanza kunywa turungi, chai bila maziwa. Na turungi ikanuka vilevile! Nyanya akasema sufuria imeshika. Akasugua na jivu, akasugua na mchanga, akanunua ingine. Ikanuka. Akasema basi ni pua zetu.

Tulikuwa tumekua wakubwa wakati watu wa kupima maji walikuja. Kumbe kiwanda cha vyuma huko juu kilikuwa kinamwaga shimoni dawa ya kutoa grisi, nayo ikapenya mawe hadi kisimani kwetu. Hata kijito kilikuwa nayo. Wakafunga pampu, wakaleta mashine ya kupuliza hewa kwenye maji ndio dawa itoke. Nikauliza, itoke iende wapi? Nilijibiwa, lakini sikuelewa. Ilinguruma miezi na miezi, halafu wakasema maji ni safi, wakaenda.

Nyanya mashine haikumhusu. Siku ile tu aliambiwa ni maji, alinunua sukari na majani, akavaa kitambaa cha kanisa, akaenda kwa yule mama. Alikuta ukuta wa mawe. Shamba lilikuwa limeuzwa, watu wamehama na ng'ombe wao, ati upande wa Kajiado, hakuna aliyejua wapi. Akarudi na sukari yake. Akatoa kile kibuyu juu ya kabati, akafungua kifuniko, akanusa, akanipa pia mimi.

"Moshi tu," akasema. "Ngai wangu. Moshi tu."

Kibuyu sasa niko nacho mimi. Nakinusa mara kwa mara nikijaribu kukumbuka yale maziwa, na siwezi. Ninayokumbuka ni ile dawa.