Niliita Mara Tatu

Miaka ile nilikuwa karani wa yadi moja ya malori pale Malaba. Ndiyo kazi niliyodumu nayo kuliko nyingine zote, na mimi si mtu wa kudumu. Bado naikumbuka harufu ya dizeli asubuhi na chapati za akina mama wa getini. Kazi yenyewe ilikuwa kuita madereva. Karatasi zikitoka forodhani, nasimama juu ya tairi kuukuu na kuita jina mara tatu. Asiyeitika, awe amelala chini ya trela au amekwenda kunywa chai, karatasi yake inashuka chini kabisa ya rundo na anayemfuata anapita. Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyekuwa na muda wa kumtafuta mtu.

Bosi wangu alikuwa katika klabu ya kujitolea, yeye na maajenti wenzake wa forodha na wenye maduka. Walichanga, na mara kwa mara wakapeleka wataalamu wa macho na masikio vijijini. Zamu ya Adungosi ilipofika, aliniambia niende nao kwa sababu nina sauti. Nilivalishwa vesti ya njano, nikapewa orodha, nikajiona mtu.

Walikuja mume na mke, wazee, wakiwa na baiskeli. Mama aliisukuma na mzee alishika kiti cha nyuma, akifuata. Mzee alinieleza kwamba mkewe aliacha kusikia baada ya kuugua, zamani, watoto wao wakiwa wadogo. Tangu hapo waliongea kwa mikono, ishara za nyumbani kwao tu. Lakini sasa yeye mwenyewe alikuwa na presha ya macho, na daktari alishamwambia kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

“Jioni siuoni mkono wake tena,” alisema. “Mimi hata mkiniacha ni sawa. Mama akipata hicho kifaa cha masikioni, nitakuwa namwongelesha.”

Akaongeza kwamba shida ni moja tu, itabidi aache kumsengenya. Watu wakacheka. Mama hakusikia neno, lakini aliona vicheko vinaelekea wapi, akampiga mumewe kibao cha bega.

Mimi nikawatenganisha. Macho kushoto, masikio kulia, ndivyo tulivyopanga. Mzee alijaribu kukataa, akasema yeye ndiye huwa anamwitikia mkewe. Nikamwambia, mzee, hapa kuna utaratibu. Nikamshika mkono mwenyewe, nikampeleka upande wa pili wa madarasa ya shule tuliyoweka kambi.

Mchana nilianza kuita foleni ya masikio. Wengi walikuwa wamekuja na binti au mjukuu wa kuwaitikia, kwa hiyo kazi ilikwenda vizuri na sikuona kosa lolote. Nikafika kwenye jina moja, nikaliita mara tatu, kwa sauti ile ile ya yadi. Kimya. Karatasi nikaishusha chini ya rundo. Vifaa vilikuwa vichache kuliko watu, na kabla ya kufika chini ya rundo vilikuwa vimekwisha.

Mzee aliporudi, akipapasa ukuta, aliniuliza kama mkewe amepata. Nikapekua, nikakuta karatasi yake ndiyo ya mwisho. Akauliza mama alikuwa ameketi wapi. Nikatazama. Alikuwa kwenye benchi, hatua nne kutoka niliposimama, anatazama upande alikopelekwa mumewe.

Bosi aliomba radhi, akasema kambi nyingine itakuja. Mimi niliahidi zaidi yake. Nilisema nitaitunza karatasi ile na jina la mama litakuwa la kwanza. Mzee alinishukuru, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Haukupita muda, dereva mmoja wa Juba akaniambia kuna nafasi kwenye gari lake. Nilipanda siku hiyo hiyo. Karatasi niliiacha kwenye droo ya yadi, sikumwambia mtu. Kutoka Juba nikaenda Kampala, kisha Port Victoria kununua dagaa wa omena, na kila mahali nilijiambia nikirudi nitapita Adungosi.

Nilipita mwaka jana. Mama alikuwa anapepeta mtama uani, na kabla sijafika karibu aligeuka. Alikuwa amenisikia. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kifaa. Klabu ilimpa hatimaye, mzee akiwa amekwisha kuzikwa.

Hakunitambua, lakini alinikaribisha chai, akanisimulia. “Miezi ya mwisho hakuona kabisa,” alisema. “Na aliongea, kijana wangu, aliongea sana. Mimi naona mdomo unakwenda. Nikawa naweka mkono kifuani kwake, nasikia kinatetemeka tu. Maneno sikupata.”

Hapo nikamwambia kwamba mwenye orodha siku ile nilikuwa mimi. Nikamweleza kuhusu yadi, na madereva, na jinsi nilivyoliita jina lake mara tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande wa kile kifaa.

“Ulikuwa umesimama wapi?”

“Karibu, mama. Hatua nne.”

Akaokota kijiwe kwenye mtama wake, akakitupa.

“Si ungekuja tu, unishike bega.”

Akaninyang'anya kikombe mkononi, akaniongezea chai.