Waya Mweusi Ulipofika Bodi

Nimefika kidato cha nne, kwa hiyo sina kisingizio. Nilikuwa nageuza kipanya changu kikuukuu, kibasi cha abiria, kiwe nyumba ya safari, nami nilimwapia mke wangu kwamba kwa umeme wa gari hilo sihitaji fundi. Waya mmoja ukanishinda. Nikampigia simu kwa siri fundi wa Somanga.

"Shikamoo mzee. Huo mweusi upeleke bodi."

Siku hizi kila kitu kinataka kibali, na mimi ni mjumbe wa bodi ya shule. Kikao kilipofika mengineyo, nikauweka waya mezani, nikaeleza agizo la fundi, nikaomba upitishwe.

Mwenyekiti akautazama sana. "Mzee wangu, ni bodi ya gari. Lile bati lake."

Mke wangu, mjumbe mwenzangu, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba bodi imtafutie mume wangu fundi."

Wote wakaunga mkono.