Waokoaji wa Dandora

Mtoto wa miaka mitano anawezaje kusikia mtaa mzima ukimwita asiitike? Swali hilo lilinishinda mimi, msomi wa chuo kikuu niliyehoji hata mahubiri.

Kila Jumamosi tulijazana kwa jirani mwenye televisheni ya betri, tukitazama polisi wa ng'ambo wakiokoa watu milimani kwa helikopta. Jumapili moja mchana, mdogo wangu wa kiume akapotea. Mama alikimbilia kituo cha polisi, nami nyuma yake.

"Mama, umekuja na gari?" askari wa kaunta akauliza. "Letu halina petroli."

"Ningekuwa na gari ningekuja kwako?"

Basi akina mama wa ploti yetu wakatoka na sufuria na miiko, wakazipiga njia nzima wakimwita. Jioni walimkuta ndani ya nyumba ambayo haijaezekwa, ametulia tu, anatazama juu. Mama alimkumbatia, kisha akamchapa.

Mdogo wangu alipokuwa tayari ni baba mwenye watoto wake ndipo aliponiambia kwamba sufuria alizisikia vizuri sana. Alikuwa anangoja helikopta.