Faili Moja kwa Kila Muumini

Mado ana duka la fotokopi huko Panda, mtaa wa mji wetu wa Likasi, karibu na kambi ya zamani ya wafanyakazi. Anachapa barua za kuomba kazi na kufunika vitambulisho kwa plastiki; umeme ukikatika anakaa mlangoni na kusubiri. Alisoma informatiki, elimu ya kompyuta, hapa hapa Likasi, akamaliza vizuri, akakosa kazi kama wengi wa kizazi chetu. Pasta wa kanisa lake alipomwomba atengeneze programu ya kuandikisha waumini, alikubali kuifanya bure. Aliamini kwamba kanisa lenye utaratibu haliwezi kuchezewa na mtu.

Data za programu ile zinakaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni ya mbali. Kila Jumapili zinasomwa na simu za vijana wa mlangoni, wale tunaowaita protokole, ili wajue nani amefika na nani hayupo. Mado ndiye aliyeamua namna ya kuzipanga. Angeweza kuyagawa mambo ya kila mtu: jina na simu katika faili moja, mahitaji ya maombi katika faili lingine lenye kufuli lake. Lakini kusoma mafaili mawili kunakula mtandao kuliko kusoma moja, na mtandao wa Panda unajulikana. Akachagua faili moja kwa kila muumini, kila kitu ndani. Kwenye skrini ya protokole akaacha jina na avenyu tu vionekane. Akadhani amemaliza.

Mwezi wa nne akaja nabii mgeni, Éphraïm, akafikia nyumbani kwa Blaise, mkuu wa protokole. Kanisa likajaa mpaka barazani. Nabii alikuwa akifumba macho na kutaja avenyu za watu, magonjwa yao, ugomvi wa vyumbani mwao. Watu walilia, wakatoa sadaka. Mado naye alisema amina kama wengine, hadi Jumapili ile nabii aliponyoosha kidole upande wa akina mama.

"Kuna mama hapa anauza makala," alisema. "Bwana wake anakohoa damu. Anakunywa dawa kwa kujificha, kule Koni."

Mama mwenyewe, muuza makaa ya kupikia, alikuwa Sephora, rafiki ya Mado tangu shule ya msingi. Mume wake, Kalombo, ni mchimbaji. Alikuwa na kifua kikuu, na dawa alizifuata mbali, kwa shangazi yake, ili wenzake wa shimoni wasijue. Kesho yake wenzake walikuwa wamekwisha kujua. Walimwambia apumzike, na nafasi yake wakampa mtu mwingine. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini Roho Mtakatifu amnyang'anye mgonjwa kazi yake.

Sephora alikwenda dukani akiwa bado na vumbi la makala mikononi. Hakuketi.

"Yaya Mado, hii maneno, ni weye tu njo nilikuambia."

"Miye sikumuambia muntu."

"Na fasi yenyewe uliwaambia mubaya. Kalombo anaendaka Kapolowe. Koni hajafika hata siku moja. Ao Roho naye anapoteaka njia?"

Akaondoka. Wateja wawili waliokuwa wakingoja fotokopi walitazamana, na jioni habari ilikuwa imezunguka avenyu nzima: Mado anauza siri za watu kwa nabii.

Mado alifunga mlango na kufungua faili la Sephora kwenye kompyuta. Kwenye sehemu ya hitaji la maombi, maelezo yote yalikuwa sawa: damu, dawa, kujificha. Mahali palikuwa pamechaguliwa kutoka kwenye orodha ya majina, ambako Kapolowe inafuatwa na Koni. Kidole chake kiliteleza mstari mmoja chini siku ile alipokuwa akimwandikia Sephora, na pakaandikwa Koni.

Alikaa akitazama neno lile. Majirani wa Sephora wasingesema Koni. Kalombo mwenyewe asingesema Koni. Duniani kosa lile lilikuwa mahali pamoja tu.

Akaingia kwenye programu kwa jina la protokole, si kwa simu bali kwa kompyuta, akaangalia kinachofika kabla ya skrini kukichuja. Faili zima lilikuwa pale. Wingu halikuwa na habari na skrini yake. Linamruhusu mtu kusoma faili au linamkataza. Halimfungulii sehemu moja na kumfichia ya pili. Kwa kila jina alilolitia alama mlangoni, protokole alikuwa amepelekewa moyo wa mwenye jina hilo. Kilichohitajika ni mtu mmoja tu anayejua kuchungulia.

Siku hiyo hiyo aliyatoa mahitaji ya maombi kutoka kwenye mafaili yote, akayaweka katika mafaili ya peke yake yenye kufuli, na ufunguo akabaki nao yeye peke yake. Lakini kwa Sephora hakwenda. Akinyamaza, zitabaki dhana tu. Akisema, atakuwa amekiri kwamba siri ilipitia kwenye kazi ya mikono yake, na nani atamwamini kwamba hakuiuza?

Jumapili iliyofuata nabii alifumba macho muda mrefu. Akasema kuna mtu anaumwa kichwa. Akasema kuna mama ana wasiwasi na mtoto wake. Katika Likasi nzima, nani hana wasiwasi na mtoto wake? Baada ya ibada pasta alimwita Mado ofisini. Blaise alikuwa amekwisha kuketi humo.

"Binti yangu," pasta alisema, "tangu ubadilishe ile kitu, mutumishi wa Mungu haone tena. Rudisha kama ilivyokuwa."

"Pasta, kama anaonaka kwa Roho, simu ya Blaise ni ya nini?"

Blaise akaitia simu mfukoni. Pasta akasema hilo ni neno la kiburi, na kwamba atamwombea. Mado alitoka bila kurudisha chochote, akabeba kompyuta yake, akaenda moja kwa moja kwa Sephora na kuiweka juu ya gunia la makala.

Alimweleza yote, na kosa lake la kuweka vyote pamoja. Sephora alisoma neno Koni mara mbili, akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kumbe Roho anasomaka kwa simu." Kisha akauliza: "Na sasa ufunguo iko na nani?"

"Na miye."

"Basi futa ya kwangu, nione."

Mado akafuta. Sephora akamwambia afunge afungue tena, na sehemu ilipoonekana tupu, akauliza habari ya kile ambacho Blaise alikwisha kukisoma. Mado akajibu kwamba hicho hawezi kukifuta.

"Basi utakuja kusema ivi ivi mbele ya ba mama bote. Miye peke yangu nikisema, bataniita mwongo."

Mado alisema mbele yao siku ya mazoezi ya kwaya, akiwa amesimama, bila kumtetea mtu. Wengine walimwita shetani, wakaondoka. Mama Angèle, mkubwa wa kwaya, alivaa miwani yake, akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta, na nyuma yake akina mama wakaanza kupanga mstari.

"Tuanze na ya kwangu," alisema. "Soma yote, nijue walichokisoma juu yangu. Usiruke kitu."